Makofi kwa Mkono Wenye Bandeji

Kizwite, Sumbawanga
Tarehe 16 Juni

Kwako Dada Kristiana,

Shikamoo dada yangu. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shemeji Dominiko na watoto, na ziwa linaendelea kuwapa riziki. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi natoka na makoti mawili, na Mary mke wangu anasema nafanana na gunia lililoshindiliwa. Mama mkwe, Bibi Stefania, amekuja kutusalimia tangu Jumanne, na anakushukuru sana kwa ile migebuka ya ziwani kwenu. Alikula mitatu peke yake, halafu akasema ameonja tu.

Usishangae mwandiko, nitakueleza. Na usishangae kupata barua wakati simu ninayo. Dada, wewe simu yako unaiweka sauti ya nje, mtu akikupigia wanasikia mpaka waanika dagaa wa nyumba ya nne. Haya ninayotaka kusema uyasome kwanza wewe mwenyewe, ukiwa umekaa. Yanamhusu na Timoth, mdogo wake shemeji. Najua yupo hapo kwenu tangu mwezi wa tatu, na uliniambia kwamba chakula unampa lakini salamu humpi, kwa sababu ya mkono wangu. Lakini ngoja nianze na habari ya mkono wenyewe, maana hiyo ni njema.

Unakumbuka mwezi wa pili mkanda wa mashine ya kukoboa mahindi ulinivuta mkono wa kulia pale kiwandani kwa Bwana Tadei. Mifupa miwili ilivunjika na vidole viwili vikakakamaa. Bwana Tadei alipeleka taarifa kwenye Mfuko wa Fidia, na tangu hapo kila mwezi Mfuko ukawa unanilipa sehemu ya mshahara wangu, kwa vile sikuweza kufanya kazi. Hiyo ndiyo pesa tuliyokula, ndiyo iliyowabakiza watoto shule. Bila hiyo ningekuwa nimekuja huko kwenu Kabwe zamani kuwaomba nyavu, mimi nisiyejua hata kuogelea.

Katikati ya mwezi wa tano daktari akanitoa plasta. Akaniminya vidole, akanifundisha mazoezi, halafu akaandika kwenye karatasi kwamba sasa naweza kufanya kazi nyepesi, ila mkono wa kulia usinyanyue mzigo. Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliogopa. Maana pale kiwandani maneno tuliyokuwa tukiambiana siku zote ni kwamba ukionekana unaweza kushika hata ndoo tu, Mfuko unakukata, na pengine unadaiwa hata pesa ulizokwisha kula. Sasa mimi kupakia magunia siwezi, mashine siwezi, na wananiambia naweza kazi nyepesi! Kazi nyepesi ipi inayolisha watu sita? Nikafika nyumbani, ile karatasi nikaichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, bila kuipeleka kwa Mfuko. Mary aliniambia siku hiyo hiyo kwamba najitafutia balaa. Sikumsikia.

Wiki iliyofuata Mzee Sebastiani, yule anayenunua mahindi pale Katandala, akaniita nimsaidie kwenye mizani. Ni msimu wa mavuno, watu wamejaa, na karani wake kaenda kuoa. Kazi yenyewe ni kusoma kilo na kuandika majina, siku tatu kwa wiki. Ndipo nilipojifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, dada, mtu mzima mwenye miaka thelathini na tisa, natoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Wakulima walinicheka mpaka wakachoka. Malipo yalikuwa kidogo, hayafiki hata theluthi ya mshahara wangu wa kiwandani, lakini yalikuwa yangu, na moyo wangu ulipata nafuu kuliko hata mkono. Kumbe kukaa bure kulikuwa kunaniua. Hata hivyo, kila pikipiki iliyosimama pale nje nilijificha nyuma ya magunia, nikidhani ni watu wa Mfuko.

Basi, Jumatatu iliyopita nikapigiwa simu na dada mmoja wa Mfuko anaitwa Edith. Akasema kesho yake atapita nyumbani kuniona naendeleaje. Lo! Usingizi ulinipaa. Alfajiri nikachukua bandeji ya zamani, nikamwambia Mary anifunge. Akakataa katakata, akasema mikono yake haitashiriki ujinga huo. Nikajifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno, nikatengeneza kitu kikubwa kama mkate, nikaning'iniza mkono shingoni na kitenge. Dada Edith alipofika, mdada mpole mwenye sweta la bluu, nikamwambia mkono haujitambui kabisa. Nikaugusa kidogo nikakunja uso. Mary alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, ananiangalia kwa jicho ambalo unalijua.

Sasa sikiliza aibu yangu. Nikiwa katikati ya kulalamika, nani anaingia uani? Bibi Stefania, mama mkwe, na kikapu chake cha ulezi, hakutuarifu kama anakuja. Wewe unajua tulivyolelewa. Mkwe wako akitokea huwazi mara mbili. Nikatoka mbio, nikachuchumaa mbele yake, mkono nikauchomoa kwenye kitenge, nikampigia makofi ya heshima, pwa, pwa, pwa, mikono yote miwili, bandeji inafunguka na kunipepea usoni. Nikaitikia salamu zote, za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, huku napiga. Nilipoinua kichwa nikamwona dada Edith amesimama kizingitini na kalamu yake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mary akaingia ndani, na nikamsikia anacheka mpaka anakohoa. Mama mkwe akauliza mbona mkono wangu una mkia. Dada Edith naye akashindwa kujizuia, akacheka, kumbe mama yake ni wa huko kwenu Nkasi na makofi hayo anayajua. Halafu akaacha kucheka, akasema tukae, nimweleze ukweli wote. Nikamweleza. Nikaleta kitabu cha nyimbo, nikampa karatasi ya daktari. Nikamtajia na mizani ya Mzee Sebastiani, siku zote. Nilijua ndiyo mwisho wetu.

Dada, haukuwa mwisho. Aliniambia kwanza kwamba kuficha karatasi ni kosa, na kwamba ningeendelea ningejiharibia vibaya. Alinisema kwa dakika kumi nzima na nilistahili. Lakini maneno ya pale kiwandani, akasema, si ya kweli. Wao hawaulizi tu kama mkono unaweza kupiga makofi. Wanauliza kabla ya kuumia ulikuwa unaingiza kiasi gani, na sasa, katika hali uliyo nayo, unaweza kuingiza kiasi gani. Ukiwa huwezi kabisa, wanakulipa kwa hesabu hiyo. Ukiweza kidogo, wanaangalia lile pengo lililobaki na kulifidia kwa sehemu, mpaka daktari aseme umepona au umefikia mwisho wa kupona. Kwa hiyo kupima mahindi kwa Mzee Sebastiani hakunifungii mlango. Malipo yatapungua, ni kweli, lakini hayakatiki, na ile pesa iliyozidi kwa wiki nilizoficha wataipunguza polepole. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie mbele ya Mary, maana nilijua nikisimulia mimi hataamini.

Pumzi niliyoshusha pale, dada, nadhani mliisikia Kabwe. Nilikula ugali siku hiyo kama mtu aliyetoka kifungoni.

Lakini kabla hajaondoka nilimuuliza jambo moja, nikijifanya naulizia rafiki. Nikamuuliza, je, mtu akiumia kazini kwa uzembe wake mwenyewe, analipwa? Akasema analipwa. Akasema watu wanakosea kazini kila siku, na Mfuko haukuwekwa kwa ajili ya wasiokosea. Labda mtu awe amejiumiza kwa makusudi, hilo ni jambo jingine. Akafunga begi lake akaaga. Mimi nikabaki nimekaa kwenye benchi mpaka mama mkwe akaniuliza kama naumwa.

Dada Kristiana, hapa ndipo nilipotaka ukae. Pale kwenye mashine tuna utaratibu wetu. Anayeingiza mkono kwenye mashine anatundika kofia yake kwenye swichi, na hakuna mtu wa kuwasha mpaka mwenye kofia aitoe mwenyewe. Siku ile mimi niliwaambia wote kwamba Timoth aliwasha wakati kofia yangu bado inaning'inia. Bwana Tadei alimfukuza kwa neno hilo, na wewe ukamnunia kwa neno hilo.

Si kweli. Kofia niliitoa mimi. Niliivaa kichwani, nikamwambia Timoth awashe, akawasha kama nilivyomwambia. Halafu nikaona kipande cha gunia kimenasa karibu na mkanda, nikaona uvivu kuzima tena, nikaingiza mkono. Timoth ndiye aliyezima. Ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani, damu yangu ikimwagika kwenye shati lake. Asingekuwa mwepesi nisingekuwa na mkono wa kukueleza habari zake.

Nilidanganya kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha jirani aliniambia aliyejiumiza mwenyewe hapati hata senti. Nikawaza watoto. Nikachagua jina la kusema, na jina lililokuwa karibu lilikuwa la mtu aliyenibeba. Siku moja tu alikuja wodini na chupa ya uji. Nilijua ameshafukuzwa. Nikaanza kulia, akaniambia nipone kwanza, mengine baadaye. Hakuniuliza kitu. Na kama hata kwako hajajitetea, dada, basi ni mimi alikuwa ananilinda, na mimi nikamwacha apite kila siku mbele yako bila salamu. Uongo wenyewe haukuwa na kazi yoyote, ningelipwa vilevile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mifupa.

Ijumaa nilikwenda kwa Bwana Tadei nikamwambia yote, mbele ya wafanyakazi. Aliyonijibu siwezi kuyaandika kwenye barua ya kwenda kwa mtu anayesali. Kanipa onyo la maandishi, nimelistahili. Lakini akasema Timoth arudi kazini tarehe moja mwezi wa saba, kwenye nafasi yake ile ile, kwani aliyemweka badala yake hajui hata kutofautisha mlio wa mashine yenye njaa ya mahindi na mlio wa iliyomeza mawe. Mimi nitakuwa mezani naandika magunia yanayoingia na kutoka, kwa mkono huu huu wa kushoto, huku Mfuko ukifidia pengo mpaka nipone.

Sasa nakuomba. Nakuomba sana, dada. Ukimaliza kusoma, mwite Timoth, mpe kiti kizuri, umsalimie wewe kwanza. Mpe na barua aisome. Usinitetee. Kama atataka kunikasirikia, ana haki, na kama hatataka kurudi pia ana haki. Nauli yake nimempa Vicent, huyo aliyekuletea barua hii, pamoja na unga wa ulezi kidogo wa kwako.

Msalimie shemeji, na mwambie namwomba radhi kwa ajili ya mdogo wake, nitakuja kumwambia mwenyewe kwa mdomo. Wasalimie watoto wote na majirani wote, hata wale wasikilizaji wa simu yako. Mary anakusalimu, amesoma barua hii na amesema kwa mara ya kwanza tangu Februari anamwona mume wake.

Na Timoth mwambie hivi. Siku akishuka stendi ya Sumbawanga nitakuwepo. Najua ni mdogo kwangu, na watu watashangaa, lakini nitachuchumaa mbele yake na kumpigia makofi, mikono yote miwili, bila bandeji, hata huu unaouma.

Mdogo wako akupendaye,
Adolfu