Kadi Isiyo na Mahari

Kitale, Jumanne

Skrini ilizimika tena katikati ya makala. Ijumaa mhariri anataka jibu langu kwa bwana mmoja anayewaita wakulima wa kule Kwanza wavivu, kwa hiyo leo niliibeba kompyuta hadi Bungoma.

Fundi Wafula alijaribu kadi mpya ya picha, ile inayoendesha skrini, akatikisa kichwa. "Mzee, hii haina mahari."

"Kwani nitoe ng'ombe wangapi?"

Akacheka. "Si mahari ya bibi, bana. Mahari ya kuchomeka. Bodi yako ni ya kitambo."

Kumbe alimaanisha mahali, tundu la kadi; na kubadilisha tundu ni kubadilisha bodi kuu ya kompyuta, na bodi mpya inataka karibu mashine nzima. Nikakataa. Alinitafutia kadi kuukuu inayoingia kwenye tundu langu la zamani.

Nimeandika kurasa mbili bila kuzimikiwa. Rangi zimefifia, lakini bwana yule simjibu kwa picha.