Ngozi Kwenye Vibati vya Gurudumu

Faidha, upo? Nimenawa miguu mara ya nne na bado inanuka.

Unalijua lile gurudumu langu la sarakasi, lisilo na pedeli, nasimama kwenye vibati viwili tu vya ubavuni mwake. Nikiruka nalo miguu inateleza. Salmini wa kikundini akasema, "Niachie, nitavirekebisha." Kweli kavipanua, kakunja kingo, kavivisha ngozi ya mbuzi.

NGOZI MBICHI, FAIDHA! Kaitoa buchani juzi, eti itakaukia juani! Mimi harufu nikadhani ni gundi.

Leo sokoni Lisekese nimepanda peku kama kawaida. Nikaruka mara moja, mbili, tatu, watu wanapiga makofi. Ya nne nikahisi kitu kinatambaa katikati ya vidole. Natazama chini, funza wanatoka kwenye ile ngozi.

Funza! Kwenye vidole vyangu!

Nimetapika palepale. Mama Regina, yule muuza nyanya, kaziba pua kwa khanga: "Mwanangu, umekanyaga mzoga?"

Salmini wala haya hana. "Lakini si umeruka mara nne? Zamani ulikuwa unaishia mbili."

Nikamwambia, "Basi panda wewe, peku hivyohivyo."

Akaanza kutafuta viatu vyake.