Ekai, Nyimbo Zako Zinatoka na Mashimo

Ekai, kaka yangu,

Ejok, habari yako? Najua hutajibu. Hata ukiwa hai ulikuwa unasoma meseji na kunyamaza.

Nimekasirika na wewe. Uliniachia mimi, mwanafunzi wako, kibanda chako hapa Kakuma, kompyuta, na nyimbo zako zote za kanisa ndani ya faili moja ya XML, halafu malaria ikakuchukua kabla hujanionyesha namna ya kuzitoa. Mama yako amekuja kutoka Longech. Jumapili kwaya ya Lodwar itakuimbia ibada ya kukukumbuka, na anataka kitabu cha nyimbo hizo. Mimi, fundi mkuu wa Kakuma nzima (nani atabisha na wewe haupo?), nikamwambia ahesabu kimekwisha.

Faili yako ilikuwa mstari mmoja mrefu kama barabara ya Lokichoggio, tagi juu ya tagi, zile alama za mabano zinazofunga maneno. Nikaandika programu ya kuipanga: kila tagi ianze mstari wake, na zilizo ndani ya nyingine, kama matawi na watoto wa mti, ziingie ndani kidogo kuliko mzazi wao. Kwa skrini ilipendeza kama kichwa kilichosukwa. Nikaprinti. Maneno yalikuwa yametawanyika kama mbuzi waliosikia fisi. Wewe na ujanja wako uliweka jibu la kwaya ndani ya tagi, katikati ya mstari, na programu ikalisukuma chini na kulijazia nafasi tupu mbele. Nikamsomea mama yako vile karatasi inasema. Akanisimamisha.

"Mwanangu hakupumua hapo."

Nikaweka amri ya kufuta nafasi zote pembeni mwa maneno. Sasa jibu likagandana na neno lililolitangulia. Ukiweka, yanatawanyika, ukitoa, yanagandana. Nilitukana kompyuta. Nikakutukana na wewe, kidogo tu.

Halafu nikakumbuka kofi zako za kisogoni: "Kijana, uliza tawi kabla hujaligusa." Basi nimeifundisha programu iulize. Tawi lenye watoto tu, bila maneno, lipange. Tawi lenye maneno yake lenyewe, liache na kila kilichomo ndani vile Ekai alivyoandika. Nilipomsomea tena, mama hakunisimamisha. Aliimba juu ya sauti yangu, na sauti yake ni nzuri kuliko yako, wewe uliyekuwa unaimba kama ngamia mwenye kikohozi.

Imebaki kitu kimoja, na ndicho kinanichoma. Katika wimbo wa mwisho, kabla ya neno "nyumbani", umeacha nafasi mbili. Sijui kidole kiliteleza ama ulitaka watu wanyamaze. Nimemuuliza mama, hajui. Ungekuwa hapa ningekucheka mpaka jioni, na ungeniambia.

Ningeweza kufuta nafasi moja kwa kugusa mara moja. Sitaifuta, Ekai. Jumapili nitasimama na kwaya, mimi na sauti yangu mbaya, na tukifika hapo nitahakikisha wote wamenyamaza.

Pumzika, kaka.

Ni mimi, Losike