Mipira ya Gari la Baba

Kaka,

Shikamoo nitaiandika mwishoni, nikiweza. Sisi wazima. Bati la jikoni linavuja palepale, na paka wa jirani kazaa tena juu ya dari letu.

Gari la marehemu baba, lililokaa bandani tangu uondoke, litakuwa tayari kwa harusi yako kama ulivyoagiza. Leo nimebadilisha mipira ya rejeta inayopitisha maji ya kupoza injini, wa juu na wa chini. Wenzangu gereji walicheka kuona yote miwili imefungwa kwa waya uliosokotwa kinyume. Mimi sikucheka. Baba alikuwa mashoto, na ule ulikuwa mkono wake. Tangu afariki, kabla mama hajaugua, hakuna aliyeigusa.

Niliweka plaizi chini, nikakaa sakafuni.

Maana siku ile mama alipozidiwa, akakusubiri mlangoni na kifurushi chake cha nguo umpeleke hospitali kwa gari hili mpaka jua likazama, ulituapia kwamba mpira wa chini ulipasuka njiani, ukafungiwa mwingine mpya. Mama alikuamini. Alikata roho akisema, "Msimlaumu mwanangu, gari ndilo lililomwangusha."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imechukua miaka sita.

Sikuulizi ulikuwa wapi. Mipira ya zamani nimeilaza kwenye kiti cha nyuma, pale ambapo mama angekaa. Nenda nayo harusini.

Nimejaribu mara tatu, kaka. Shikamoo imenikwama.

Mdogo wako, fundi.