Valvu Zilizooshwa Kwenye Beseni

Suneka,
Jumatatu asubuhi

Kwako Kaka Mwakio,

Hamjambo huko Wundanyi? Mama mguu bado unamsumbua, au baridi imepungua? Mimi mzima. Nakula, nalala.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema matanga yamekwisha, nifungashe, utanijia na lori. Kaka, nakuheshimu, lakini usije na lori. Nikueleze.

Mume wangu Momanyi alipofariki aliacha kwenye meza ya gereji yake hedi, yaani kichwa cha injini, ya gari la mashindano la Salim, yule kijana mwenye duka la vitambaa mjini Kisii. Valvu zake alikuwa amezipanga kwenye kibao chenye matundu, kila moja mahali pake, kwa sababu kila valvu husagwa pamoja na siti yake, pale inapokalia, mpaka zizoeane. Ukizichanganya, moto wa injini unapenya na valvu inaungua. Sasa, siku ya kuleta mwili, mama mkwe na wanawake wa boma waliingia kusafisha gereji ili wageni wasikute uchafu. Wakazitoa valvu zote, wakazisugua kwa sabuni na majivu, wakazirundika kwenye beseni. Ziling'aa kama vijiko. Hakuna aliyefanya kwa ubaya.

Ombati, mdogo wake marehemu, alipoona hivyo akasema basi, ataita mnunuzi wa chuma chakavu, banda la gereji likodishwe. Nikamwambia hedi nitaimaliza mimi.

"Shemeji, wewe ulikuwa unamshikia spana tu."

"Nimeishika miaka tisa," nikamjibu. "Ngoja Salim akimbize gari lake kwanza, ndipo umwite mtu wako."

Akakubali, kwa kuwa mama yake alikuwa anasikia.

Salim naye akaja na hedi nyingine aliyonunua Nairobi, nzuri kwa macho. Nikaweka rula ya chuma juu yake, nikaona mwanga unapita chini ya rula. Imepinda, na ilishakwanguliwa mno, haina tena cha kukwangua ili inyooke. Nikamwambia turudi kwa ile ya zamani. Alinuna, lakini akaniachia.

Nilianza kusaga upya, valvu moja moja, kila moja na siti niliyoipangia. Unapaka pesti ya kusagia, unapekecha kijiti kilichoshika valvu kwa viganja kama mtu anayetafuta moto, unasikiliza. Mwanzo inakwaruza, ikishakaa vizuri sauti inalainika. Momanyi alinifundisha kusikiliza bila kujua kwamba ananifundisha. Nilipomaliza nikamimina mafuta ya taa nione kama yatavuja. Moja ikavuja. Nikaitoa, nikaisaga tena mpaka pakawa pakavu. Kisha nikanawa grisi kwa sabuni na sukari, kama yeye. Na jinsi nilivyokuwa nikimgombeza kwa sukari yangu!

Gari lilikimbia Jumamosi. Mimi nilikuwa kanisani. Momanyi na Usabato wake hakuwahi kuona hata gari moja alilolitengeneza likishindana, nami sikwenda.

Jana Ombati hakusubiri hata Salim alete habari. Alikuja na mnunuzi wa chuma na mizani yake. Mama mkwe, yule yule aliyeziosha valvu, akasimama mlangoni na fagio, akamwambia mwanawe kwa Kikisii kwamba kama ana hamu ya kupima chuma, aanze na mabati ya nyumba yake mwenyewe. Tukasimama hivyo, hakuna anayesogea, mpaka tukasikia gari linapanda. Salim akashuka, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakushinda, alikuwa wa nne.

"Injini haijakohoa hata mara moja," akaniambia mimi. "Mama, ifungue uikague kabla ya shindano lijalo, kama alivyokuwa akifanya mzee."

Mizani Ombati aliibeba mwenyewe hadi barabarani.

Basi, Kaka, nitakuja kuwaona, lakini nitakuja kama mgeni, na nitarudi kwangu. Msalimie Mama, na wifi, na shangazi aliyenipa leso siku ya harusi. Mwambie ndiyo najifunga kichwani nikisaga. Na mkikaa kula jioni, mnikumbuke.

Mimi dada yako,
Mghoi