Mwacheni Husna Aoge Mwenyewe

Mkata, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Hamjambo wewe na shemeji Salimu? Mimi koo linazidi. Sauti imekauka, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Ahsante kwa kumpokea mwanangu wakati huu ninapohangaika na hospitali. Usonji haumzuii Husna kujifunza, ila anataka aoneshwe jambo mojamoja, bila kelele. Kufua, kusonga ugali, anaweza. Kumfundisha kuoga tu kulinichukua miaka. Usimfanyie. Msubiri.

Dada yako,
Mwaija

Masuguru, 2 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Sisi wazima, wasiwasi wetu ni wewe.

Husna yupo. Ila ndoo moja anaogea mpaka jua linawaka, na bafu ni la nyumba nzima. Wapangaji wanagonga mlango, Salimu anafoka. Juzi Husna kaungua mkono jikoni, majirani wakasema namtumikisha mgonjwa. Basi sasa namwogesha mimi, namlisha, nikitoka namfungia ndani. Nikichelewa kurudi, yeyote aliyepo nyumbani humfungulia akamwogesha. Ametulia, hasumbui tena.

Mdogo wako,
Mwanaisha

Mkata, 9 Aprili 2024

Mwanaisha,

Salamu. Mimi sijambo ya kusema tu.

Hilo "ametulia" limeniuma kuliko koo. Msichana wa miaka kumi na saba anayevuliwa nguo na yeyote, kesho atajuaje nani wa kumkatalia? Sikumfundisha ili anipunguzie kazi. Nilimfundisha kwa sababu nitakufa. Daktari kasema tumechelewa, hawapasui.

Mfungulie mlango, mdogo wangu. Anzeni upya.

Dada yako,
Mwaija

Masuguru, 20 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Umekaa kimya mno. Naomba Mungu iwe ni uchovu tu.

Nilimfungulia. Alikuwa kasahau hata kushika kopo. Alisimama mbele yangu akisubiri nimvue, nikalia. Tukaanza upya: kopo, sabuni, kanga. Salimu ananuna, namwacha anune. Wapangaji wanagonga, nawaambia wasubiri. Leo asubuhi nimemfuata bafuni kama kawaida. Akanisukuma. Akasema, "Toka."

Dada, nikatoka! Nikasimama nje nasikia maji yakimwagika, nikasema lazima nikuandikie

Nilikuwa nimefika hapo, kaka Hussein akapiga simu. Unazikwa leo alasiri.

Nimemwambia Husna avae, tunasafiri kuja Mkata. Amevaa mwenyewe, amesimama mlangoni na mkoba wake. Ananiuliza, "Kwa mama?"

Nimemwitikia: ndiyo, kwa mama.

Mdogo wako,
Mwanaisha