Hamisi Amekwenda Mashineni Peke Yake

Jumamosi, Februari 1958

Tangu asubuhi upepo unatuletea vumbi jeupe la magadi kutoka ziwa lililokauka. Limeingia machoni, kwenye sufuria, hata kwenye nguo za watu ninazoshona. Nimechoka, lakini leo uchovu wenyewe haunikeri.

Ndugu yangu Hamisi ana miezi minne tangu atoke hospitali ya wagonjwa wa akili, Nairobi. Kabla ya hapo alisikia sauti zikimwambia kwamba namtilia sumu. Kila mlo nilionja mimi kwanza, yeye akinitazama. Akitoroka, niliacha cherehani nikamtafute mtaa kwa mtaa. Siku moja sokoni walimpiga wakidhani ni mwizi, maana alichukua ndizi akaenda zake bila neno. Tangu Mama afariki, sina wa kunipokea mzigo huu.

Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna mwingine nitakayemwambia. Siku watu wa hospitali walipomchukua nilihisi nimetua gunia la mawe. Nikaomba wasimrudishe.

Walimrudisha.

Anameza vidonge. Mikono inamtetemeka na mchana anasinzia, lakini sasa anaoga bila kusukumwa. Leo nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani, akaja akasimama mlangoni.

"Dada, unga umeisha. Nipe mahindi nipeleke mashineni."

Nilitaka kukataa, nikashindwa kupata sababu. Mashine ya kusaga si mbali, ni mwendo wa robo saa. Saa nzima ikapita, kisha ya pili. Nilishona mkono wa gauni kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena. Mwishowe nikajitanda leso nikatoka mbio. Akilini nilishamwona amelala chini, watu wamemzunguka.

Nilimkuta kwenye foleni, mfuko wa mahindi katikati ya miguu yake, wa mwisho kabisa. Nikamuuliza mbona hajasagiwa.

"Wanakuja akina mama wenye watoto mgongoni," akasema. "Nawapisha."

Mwenye mashine, mzee asiyependa maneno mengi, alinieleza kwamba Hamisi ameshapisha wanawake saba. Alitaka kumwita mbele, ila aliona vibaya kumkatiza mtu mwenye adabu.

Mtu mwenye adabu. Ndugu yangu.

Nilikaa palepale penye unga uliomwagika, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Hamisi aliinama akaniuliza taratibu kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Akanisubiri niinuke, kisha zamu yake ikafika.

Sijui vidonge hivi vitamfikisha wapi. Huenda sauti zikarudi mwezi ujao, nami nikaanza tena kuzunguka mitaani. Sijidanganyi.

Lakini amesema asubuhi atateka maji yeye, na nimekubali. Mimi nitalala mpaka jua lipande.